Rundo la Kizingitini

Injini ya boti ilizimwa hatua thelathini kabla ya kufika ufukweni, na Inspekta Honorata Bukuru hakusubiri isukumwe hadi nchi kavu. Alikunja suruali mpaka magotini, akashika viatu mkononi, akashuka majini. Nyuma yake Konstebo Bariki alikuwa bado anahangaika na nanga.

"Afande, ni saa mbili asubuhi tu," Bariki alisema.

"Saa tisa jalada linatakiwa mezani kwa wakili wa serikali. Kutoka hapa mpaka Kigoma mjini ni saa moja na nusu. Hesabu mwenyewe."

Jalada lilikuwa la Elikana Mabondo, mvuvi, aliyekuwa akimaliza siku ya nne mahabusu kwa tuhuma za kumuua Kalisti Ntahondi. Kalisti alipotea miaka mitatu iliyopita, wiki ile ile ziwa lilipopanda na wakazi wa kitongoji hiki cha Nyakirembe wakahamia mlimani. Mama yake alisema ametoka kuvua peke yake na hakurudi. Wakati ule kila mtu alikuwa anahangaika na vyombo vyake, na hakuna aliyeuliza zaidi. Mwaka jana maji yakaanza kurudi nyuma, nyumba zikaonekana tena. Mwezi uliopita watu wa akiolojia waliokuwa wakizichunguza nyumba hizo wakakuta rundo kwenye kizingiti cha nyumba ya Kalisti: vyungu vilivyovunjika, jiwe la kusagia, na katikati yake nguo iliyofungiwa saa ya mkononi, kitambulisho cha Kalisti na kisu kilichochongwa herufi E.M. kwenye mpini.

Elikana alikuwa Zambia, Mpulungu, tangu kitongoji kihame. Siku aliyoshuka melini bandarini Kigoma alikamatwa, kwa sababu nusu ya watu wa Nyakirembe walikumbuka kwamba yeye na Kalisti walipigana hadharani kwa ajili ya nyavu. Yeye alisema kisu alimwazima Kalisti, akasahau kukidai.

Pale kituoni kila mtu aliona habari imekamilika. Elikana alimuua mwenzake, akatupa vitu vyake katika nyumba iliyokuwa inahamwa, akategemea ziwa limfichie. Honorata alikuwa amelisoma jalada mara tatu, na kila mara alikwama kwenye ile saa.

Dk. Verediana Kokuhirwa alikuwa amepiga magoti ndani ya nyumba isiyo na paa wala mlango, brashi ndogo mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye kofia ya ukili iliyochakaa.

"Karibu, Inspekta. Usikanyage ndani ya kamba."

"Asante, daktari. Nina swali moja. Rundo hili liliwekwa lini?"

"Ripoti yangu itakamilika mwezi wa kumi."

"Kuna mtu mahabusu. Yeye ripoti yake ni leo saa tisa."

Verediana akaweka brashi chini. Alifuta mikono kwenye suruali, akamtazama Honorata, kisha akasogea kumpa nafasi.

"Mimi sikuja hapa kutafuta maiti," alisema. "Nimefanya kazi miaka sita Belize, Amerika ya Kati, kwenye magofu ya Wamaya. Miji ile ilihamwa zaidi ya miaka elfu iliyopita. Unachimba nyumba, vyumba ni vitupu. Halafu mlangoni, au kwenye pembe ya ngazi, unakuta rundo. Vyungu vimevunjwa, mawe ya kusagia, mifupa, shanga. Tulikuwa tunabishana mpaka chakula kinapoa. Huyu anasema takataka. Yule anasema walikimbia vita, wakaacha walichokuwa wanatumia. Mwingine anasema ni watu walikuwa wanaiaga nyumba. Nikasema, ngoja nitafute kijiji kilichohamwa juzi, ambacho wenyewe wapo hai, niwaulize waliondokaje."

"Wamekwambia nini?"

"Wamebeba milango, madirisha, mabati, hata misumari wameinyoosha wakaondoka nayo. Hakuna aliyeniambia ameacha chungu."

"Na ule ubishi wa huko, mliumalizaje?"

"Haujaisha. Ila katika nyumba niliyochimba mimi, tulipata jibu tulipoacha kutazama rundo tukatazama chini yake." Akaashiria kwa mpini wa brashi. "Hili nimeliondoa nusu tu. Nusu nimeiacha ili nione ubavu wake. Inama."

Honorata akainama. Ubavu wa rundo ulikuwa umekatwa wima kama mkate. Chini kabisa kulikuwa na sakafu ya udongo mwekundu, ngumu, iliyosuguliwa na miguu ya watu. Juu yake tabaka la tope la kijivu, unene wa kidole kimoja, lenye konokono wadogo wa ziwani. Vigae vya vyungu vilianzia juu ya tope.

"Tope limeletwa na ziwa," alisema Honorata.

"Ndiyo."

"Na vyungu viko juu yake. Lakini maji hayawezi kuingiza tope chini ya vyungu vilivyokuwepo tangu mwanzo?"

"Swali zuri. Yangeweza. Ila tope likipenya chini, litaingia na ndani, na litabaki juu pia. Shika kigae hiki. Kigeuze. Kuna tope?"

"Hakuna."

"Sasa tazama nyufa."

Tope lilikuwa limepasuka vipande vipande, kama bwawa lililokauka. Nyufa zilitoka uwanda wa chumba, zikapita chini ya vigae, zikatokea upande wa pili bila kukatika. Katika ufa mmoja kigae kidogo kilikuwa kimetumbukia, kimesimama kwa ubavu.

Honorata akanyanyuka. Alizunguka kamba upande mmoja, akarudi upande wa pili.

"Tope halipasuki likiwa ndani ya maji," alisema.

"Halipasuki. Maji yalikuja, yakatoka, jua likawaka wiki kadhaa. Ndipo mtu akaja na vyungu vyake."

"Maji yalitoka hapa lini?"

"Nyumba hii, mwezi wa nane mwaka jana. Nina picha zenye tarehe."

"Bariki, hati ya kusafiria ya Elikana."

Bariki alikuwa tayari anatafuta kwenye simu. "Ametoka nchini mwezi wa tano, miaka mitatu nyuma. Amerudi Jumapili hii. Katikati hakuna muhuri, afande." Akasita. "Lakini mtu wa ziwani anaweza kuvuka bila kupigiwa muhuri."

"Anaweza. Wakili wa utetezi atatuambia hivi, wa serikali atatuambia vile. Haitoshi." Akamgeukia Verediana. "Limetupwa au limepangwa?"

"Limepangwa. Vyungu ni vitatu, vimevunjiwa hapa hapa, vipande vyote vipo mpaka vidogo kama ukucha. Jiwe la kusagia limewekwa kwanza. Juu yake kitenge kimekunjwa mara nne, ndani yake mlivyovichukua nyie. Pembeni majivu kidogo, punje za mtama, na mifupa ya kuku mmoja."

"Kuku aliliwa?"

"Mifupa yote ipo mahali pake, haina alama ya meno wala ya kisu. Amepikwa mzima, akaachwa."

Bariki akasogea nyuma hatua moja. "Hapa kuna mambo ya ushirikina."

"Hapana," alisema Honorata. "Muuaji hampikii marehemu kuku." Alitazama ziwa, akatazama saa yake. "Jiwe la kusagia. Naona la juu tu, la kushika mkononi. La chini liko wapi?"

"Nimekagua nyumba zote kumi na tisa. Halipo."

"Naliomba."

"Inspekta, hilo lina namba. Likitoka hapa..."

"Nipe karatasi nisaini."

Verediana alifikiri kidogo, kisha akaenda kwenye sanduku la bati, akatoa jiwe lililofungwa kwenye gazeti na daftari la kupokelea. Honorata akasaini akiwa amesimama.

Njia ya kupanda mlimani ilikuwa ya kokoto, imekatwa katikati ya michikichi. Honorata alipanda haraka. Bariki, mzaliwa wa Singida aliyezoea tambarare, alisema kwa vipande vipande:

"Mimi naona hivi, afande. Mtu alijua Elikana atarudi. Akakiweka kisu chake pale ili tumkamate. Na mwenye chuki na Elikana kuliko wote ni mama wa marehemu. Wakati wa ugomvi wa nyavu alimwambia mbele ya watu hatamsamehe."

"Nimelifikiria hilo tangu juzi."

"Na?"

"Tumuulize."

Mama Yunisi Ntahondi alikuwa nje ya nyumba yake mpya akikoroga pipa la ngazi, matunda ya michikichi, zilizokuwa zinachemshwa kwa ajili ya mawese. Hakuacha kukoroga alipowaona. Honorata alimwamkia kwa Kiha, akaulizia hali ya mgongo, ya mvua na ya watu wa nyumbani. Mama akajibu moja moja, akamuuliza kwao ni wapi. Kasulu, alisema Honorata. Akapewa kigoda. Hakukaa.

Ukutani, kivulini, palikuwa na jiwe pana la kusagia, limechimbika katikati kwa kazi ya miaka mingi. Juu yake palikuwa na jiwe dogo jeupe la mtoni, jipya, lisilokaa sawasawa pale katikati.

"Naona mmebadilisha jiwe la mkononi, mama."

"Lile la zamani limechakaa."

Honorata akafungua gazeti. Akaliondoa jiwe jeupe, akaliweka la kwake katika lile shimo. Likakaa. Alilisukuma mbele na nyuma mara mbili. Halikucheza, na sauti yake ilikuwa moja mwanzo hadi mwisho.

Mama Yunisi akaacha kukoroga.

"Mama, mimi sikuja kukusumbua. Uliwaambia askari kwamba Kalisti alitoka kuvua peke yake, ziwa likamchukua yeye na mtumbwi."

"Ndivyo nilivyosema."

"Saa yake alikuwa akiivua akienda kuvua?"

"Haikutoka mkononi tangu baba yake alipomnunulia."

"Mtu aliyechukuliwa na ziwa, saa yake imerudije nyumbani?"

Pipa lilikuwa linatokota. Mama alivuta kuni mbili nje ya moto, akazizima kwenye mchanga.

"Kitenge kile ni chako," Honorata aliendelea. "Kuku ulimpika wewe. Sikulaumu kwa hilo. Lakini kwenye kitenge uliweka na kisu cha Elikana, na sasa Elikana yuko ndani. Ana mtoto wa miezi mitano Mpulungu. Akishtakiwa kwa mauaji hana dhamana; atamkuta anasoma shule, kama atamkuta."

"Kisu cha Elikana?" Kwa mara ya kwanza mama alimtazama usoni. "Kile kisu?"

"Kina herufi zake."

"Herufi mimi sizijui, mwanangu. Kisu kilikuwa kiunoni mwa Kalisti. Nikajua ni chake." Akakaa chini, pale pale penye majivu. "Elikana nilimpokea kwa mikono hii mama yake alipomzaa. Nilimtukana kwa sababu ya nyavu, kweli. Lakini siwezi kumtupa shimoni. Walikuja kuniambia kakamatwa, wakasema mmeona ushahidi. Nikasema labda kuna jambo lake jingine. Nikajiambia hivyo kila asubuhi, siku zote nne."

Honorata akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Bariki alitoa daftari. Honorata akamwashiria asubiri.

"Nani alikuletea vile vitu, mama?"

"Unamjua."

"Nataka unitajie wewe."

Kuku walipita kati yao, wakarudi.

"Pastory," mama alisema. "Mdogo wake."

Alisimulia akitazama mikono yake. Maji yalipofika mlangoni, watu wote walishapanda, Kalisti akakataa. Alisema baba yao amelala nyuma ya nyumba, naye hatamwacha peke yake na ziwa. Pastory akaja na mashua kung'oa mabati, kabla ukuta haujaanguka. Mama alikuwa tayari huku juu, chini ya turubai. Alfajiri ya siku ya pili Pastory alipanda, ameloa, amebeba nguo ya kaka yake, na ndani yake saa, kitambulisho na kisu.

"Akasema Kalisti ameteleza kutoka ukutani. Amemzika pembeni ya baba, pale palipoinuka, maana maji yanakuja. Akaniomba niseme ziwa limemchukua. Nikasema."

"Ulimwamini kwamba aliteleza?"

"Sikumuuliza mara ya pili." Mama alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nilikuwa na watoto wawili, mwanangu. Ningemuuliza mara ya pili, ningebaki bila hata mmoja."

"Na rundo?"

"Matanga tulikaa, lakini matanga ya mtu wa ziwani. Watu walilitazama ziwa na mimi nilikuwa nalitazama nao, najua hayupo mle. Maji yalipotoka nikashuka peke yangu. Nilimpikia, nikamvunjia vyungu alivyolia chakula, nikamwachia jiwe lililomsagia uji. Nikamwambia nyumba tumehama, asitusubiri. Vitu vyake nikamrudishia, kwa nini vikae kwangu?"

Honorata akampa Bariki ishara ya kuandika. Walirudia maneno yote toka mwanzo, polepole, na mwisho Bariki akamsomea. Mama akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika penye nafasi.

Saa tano na nusu Honorata alikuwa amerudi chini. Verediana hakuuliza mengi. Alifuata ukuta wa nyuma, akasimama penye mwinuko uliokuwa na mawe ya kaburi la zamani, akatazama ardhi kwa muda, kisha akaonyesha mahali ambapo tope lilikuwa limebonyea, urefu wa mtu.

"Udongo uliochimbwa ukirudishwa hushuka," alisema. "Nilidhani ni shimo la takataka. Nilikuwa nimelipangia wiki ijayo."

"Usiguse mpaka daktari wa serikali afike. Zungushia kamba zako."

Palipopatikana mtandao, Honorata alimpigia mkuu wake. "Jalada la Elikana lisiende, mzee."

"Una mtuhumiwa mwingine?"

"Nina maelezo ya mama na nina kaburi. Mtuhumiwa nitakuwa naye kabla ya saa tisa."

"Wakili hatakubali chochote, Bukuru, ila jina na mtu."

"Jina ni Pastory Ntahondi. Mtu namfuata; mama yake amesema yuko Katonga."

Mama Yunisi alikuwa ameshuka nyuma yao, bila viatu. Alisimama ukingoni wakati Bariki anavuta kamba ya injini.

"Akikuuliza nani kasema," alimwambia Honorata, "mwambie ni mimi. Usimwambie ni jiwe."

Boti ilikwenda kusini na upepo ubavuni, ikipigwa na mawimbi mafupi yaliyowalowesha wote wawili. Honorata alisimama safari nzima, ameshika chuma cha mbele. Walipita Kibirizi, wakapita bandari na meli zake, wakazunguka rasi mpaka Katonga, ambako ufuko wote ulikuwa umefunikwa kwa dagaa walioanikwa, na wanawake walikuwa wakiwageuza kwa fagio. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Pastory alikuwa mwisho wa mwalo, ameketi chini ya mashua iliyopinduliwa, akiikalafati kwa pamba na lami. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, ndevu zimeanza mvi mapema. Alimtambua Honorata kwa sare. Aliendelea kusukuma pamba katika uwazi wa ubao mpaka ikaingia yote, ndipo akaweka patasi chini.

"Pastory Ntahondi?"

"Ndiye mimi, afande."

"Ninakukamata kwa kifo cha kaka yako Kalisti. Hulazimiki kusema chochote. Ukisema, kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nani kasema?"

"Mama yako."

Pastory alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokwisha kuitarajia. "Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Elikana mmemtoa?"

"Bado. Ulijua yumo ndani?"

"Tangu Jumatatu. Kila siku nilisema nikimaliza hii mashua nitakwenda." Aliitazama mashua. "Haikuwa na kazi ya siku nne."

"Tukaandike kituoni."

"Andika hapa. Nikifika kule nitakuwa nimeshapanga maneno."

Honorata alimtazama Bariki. Bariki akafungua ukurasa mpya, akaandika saa na mahali. Wanawake waliokuwa jirani wakahamisha fagio zao upande wa pili.

"Mama anasema aliteleza," Honorata alisema.

"Mama nilimwambia hivyo. Nilimsukuma. Tulikuwa wote juu ya ukuta, mimi nang'oa bati, yeye ananizuia. Akanishika mkono. Nikamsukuma. Akaanguka kifudifudi, kichwa kikagonga jiwe la msingi."

"Akafa pale pale?"

Pastory alianza kubandua lami iliyoganda kwenye vidole vyake.

"Maji yalikuwa ya kina gani?" Honorata aliuliza.

"Ya magoti."

"Aliinuka?"

"Alijaribu. Mkono mmoja ulikuwa unatafuta ukuta. Mtu mzima hafi kwenye maji ya magoti, afande, mpaka mwingine awepo anatazama. Nilikuwa na hasira. Bati lilikuwa limebaki misumari miwili. Nilimaliza ile misumari miwili, nikalishusha bati, ndipo nikashuka na mimi. Nikamgeuza. Basi."

Honorata alipiga simu. Alitembea hatua sita mbali na mashua, akatembea sita kurudi, akisema maneno machache tu: mtu anaye, amekiri, mtoeni Elikana sasa hivi, msingoje nifike. Alipokata simu, Bariki alikuwa amemaliza kuandika na alikuwa anamsomea Pastory maelezo yake, mstari kwa mstari, kwa sauti ya chini. Pastory alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipofika mwisho akainua mkono.

"Hapo umeandika 'nikashuka mara moja'."

Bariki akatazama karatasi. "Ndiyo."

"Futa," alisema Pastory. "Sikushuka mara moja."

Bariki akamtazama Honorata. Honorata akachukua kalamu mwenyewe, akayakata maneno mawili, akaweka saini yake pembeni, kisha akampa Pastory kalamu naye aweke ya kwake.